Kabla Jicho Halijatoa Ushahidi

Masomo ya juma: Kumbukumbu la Torati 17:14-20, 2 Wafalme 22:1-13, Mathayo 7:1-5



Sheria aliyoitoa Musa kuhusu wafalme ni fupi, na sehemu kubwa yake ni makatazo. Mfalme asijirundikie farasi, asijirundikie wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Hayo tunapenda kuyasoma, maana tunapoyasoma tunao wakubwa fulani kichwani. Lakini agizo la kutenda limewekwa mwishoni, nalo ni la ajabu: mfalme akishakikalia kiti, ajiandikie nakala ya torati, akiitoa katika ile inayotunzwa na makuhani, akae nayo na kuisoma maisha yake yote. Haisemwi kwamba amtume karani. Mtu mwenye jeshi na hazina anaambiwa ashike kalamu, ainame, anakili kitu ambacho hakukitunga yeye.

Kwa nini asisikilize tu ikisomwa, kama raia wengine? Nadhani ni kwa sababu mfalme ni jicho la nchi. Watu wanaletwa mbele yake, yeye anawatazama, na kwa neno lake mtu anarudi nyumbani au harudi. Jicho la namna hiyo haliwezi kuachwa lijipime lenyewe.

Mafundi wa kamera wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi wahubiri. Siisemi kamera ya simu, ambayo hujiamulia yenyewe na kukupendezesha hata usipoomba. Ninaisema ya viwandani: kisanduku kidogo cha chuma, hakina kioo cha kutazamia wala kitufe cha kupigia, kina lenzi mbele na waya nyuma. Ndiyo inayokagua chupa viwandani, inayobagua punje mbovu za kahawa, inayopima vipuri. Kamera hiyo fundi huiambia kila kitu: ipokee mwanga kwa muda gani, ikuze ishara kwa kiasi gani, nyeupe ni ipi. Na kabla haijaaminiwa kupima chochote, lazima kwanza yenyewe ipimwe.

Kijana mmoja wa parokia yetu hapa Himbi, mjini Goma, fundi wa elektroniki, aliifanya kazi hiyo katika ukumbi wa vijana, nami nikakaa kutazama. Alikuwa na karatasi yenye miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa dama, ameibandika juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Nikamuuliza kwa nini asitumie ubao wa tripleksi, maana tripleksi zipo nyuma ya jukwaa.

“Baba Mchungaji, tripleksi inapinda.”

Akaniwekea rula juu ya tripleksi moja nione. Unyevunyevu wa ziwa na mvua ulikuwa umeiinua katikati kidogo tu, unene wa karatasi chache. Jicho langu lisingeona. Lakini kamera, alisema, ingeuchukua upinde ule wa ubao na kuuhesabu kana kwamba ni wa lenzi yake, kisha ingeusahihisha upinde ambao haumo ndani yake. Tangu siku hiyo ingekosea kila inachokitazama, na ingekosea kwa uhakika mkubwa. Wapendwa, hapo nilinyamaza. Wangapi wetu tumelelewa mbele ya ubao uliopinda, na kila tunachokiona tangu utoto tunakinyoosha kwa upinde ule?

Kisha akafanya jambo ambalo nisingelifikiria. Alirekebisha lenzi mpaka picha ikatulia, akakaza viskrubu vidogo vya pembeni ili pete ya lenzi isizunguke tena, akaniambia kwamba ikiguswa baada ya hapo, kazi yote inaanza upya. Ndipo akaanza kumwelekeza msaidizi wake, binti wa kwaya: inua ubao, uinamishe kushoto, usogeze kwenye kona, urudi nyuma, uuinamishe mbele. Kila mkao picha moja. Mwanzoni yule binti alikuwa anaushika ubao umeikabili kamera uso kwa uso, akisogea mbele na nyuma tu. Kijana akamzuia. Picha za namna hiyo, hata ukipiga mia, hazimfunzi mtu jambo jipya kuhusu lenzi.

Njia hiyo aliieleza mtafiti Zhengyou Zhang, wakati huo akiwa Microsoft, katika makala aliyoichapisha mwaka 2000, na mpaka leo programu nyingi zinaifuata. Kabla yake wengi walitegemea vifaa ghali vyenye pande tatu, vilivyotengenezwa kwa usahihi mkubwa. Zhang alionyesha kwamba ubao mmoja bapa unatosha, mradi uonwe kutoka pembe zinazotofautiana. Mikao miwili iliyo sambamba haiongezi habari yoyote juu ya jicho linalotazama. Nikawaza juu ya Injili nne. Tunaye Bwana mmoja, wala hakupinda, na Kanisa halikukubali kubaki na shahidi mmoja tu aliyemtazama kutoka upande mmoja. Nikawaza pia juu ya vikao vyetu vya wazee, ambamo watu wa ukoo mmoja na umri mmoja hukaa wakitazama shauri uso kwa uso, kwa mkao uleule, kisha wanasema tumelichunguza sana.

Kompyuta ilipomaliza hesabu, kijana alituonyesha picha ya ukumbi kabla na baada. Katika ile ya kwanza, dirisha lililokuwa katikati limenyooka vizuri. Lakini nguzo ya mlango, iliyoangukia ukingoni mwa picha, imepinda kwa nje. Baba mmoja akasema nguzo hiyo ilijengwa vibaya. Tukaenda kuigusa, tukaitazama kwa chini kwenda juu. Nguzo imenyooka kabisa. Lenzi ndiyo iliyopinda.

Hili ningependa tulitafakari kuliko mengine yote. Karibu kila lenzi ina kasoro hiyo, na tabia yake ni kwamba katikati haionekani. Anayesimama katikati ya picha anatoka sawa. Anayesimama pembeni ndiye anayepindishwa, na kadiri alivyo pembeni ndivyo anavyopinda zaidi. Nasi mji wetu una katikati yake na una pembeni yake. Tuliwaona ndugu zetu waliohamia Bulengo na Kanyaruchinya chini ya maturubai, wakishuka mjini kutafuta kibarua, na mara ngapi ilisemwa kwamba hao ndio wezi, hao ndio wenye kuleta magonjwa? Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, anayepita na makaa, mjane mwenye lafudhi ya mbali, kijana ambaye jina lake tu linatosha kumfanya mtu anyamaze mezani. Tunawaona wamepinda, na tunaapa kwamba macho yetu ni mazima kwa kuwa watu wa nyumbani kwetu tunawaona wamenyooka.

Yesu aliposema juu ya kibanzi na boriti hakumkataza mtu kutazama jicho la ndugu yake. Somo huwa tunalikatiza njiani, tukalifanya kuwa ni “usinihukumu” tu, ngao ya kila mtu asiyetaka kuambiwa. Lakini mwisho wake ni kazi: ondoa kwanza boriti yako, ndipo uweze kuona vema na kumtoa ndugu yako kibanzi. Bwana anataka kibanzi kitoke. Anajua kinauma. Anachokataa ni mkono wa mtu asiyeona kuingia katika jicho la mwingine.

Sisi wa Goma tuna sababu nyingine ya kujali vipimo hivi. Nyiragongo, ule mlima wa mita 3,470 ulio kaskazini yetu, ulikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta kwa miaka mingi baada ya mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002. Watafiti kutoka Ubelgiji na Luxembourg, Benoît Smets na wenzake, waliweka kamera ukingoni mwa kreta, zikilitazama ziwa hilo kutoka mahali pawili ili kuupima uso wake. Matokeo waliyachapisha mwaka 2017: ziwa hupanda, gesi ikijikusanya chini ya gamba, kisha gesi ikipenya na kutoka, ziwa hushuka. Kreta ina upana wa zaidi ya kilomita moja. Kwa umbali huo, kosa la nukta moja ndogo ya picha linaweza kulipandisha au kulishusha ziwa zima katika hesabu, na mtu aliyeko mjini akaambiwa kuna hatari mahali ambapo hakuna, au salama mahali ambapo hakuna. Ndiyo maana mtu anayepanda mawe yale ya lava akiwa na kamera mgongoni, kwenye moshi wa kiberiti na baridi, lazima awe amelisahihisha jicho lake akiwa bado bondeni.

Nisiwapake mafuta, hata hivyo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 moto ulitoka bila onyo lolote kwa wananchi. OVG, kituo chetu cha kuchunguza volkano, kililaumiwa sana, na ni kweli kwamba kwa miezi kadhaa hadi Aprili ya mwaka huo vyombo vyake vya mlimani vilikosa intaneti kwa ukosefu wa fedha. Lakini utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha jambo la kutunyenyekeza: dalili zilizo wazi zilikuja chini ya saa moja kabla ya mlima kupasuka. Vyombo vizima, vilivyopimwa vema, visingetupa siku mbili. Na yapo yasiyoonekana kwa kamera yoyote ya kawaida. Mazuku, ile hewa nzito isiyo na rangi wala harufu inayotuama mabondeni kando ya ziwa na kuua mbuzi na watoto, hutaipiga picha kwa lenzi hata ungeisahihisha mwaka mzima. Aliyesahihisha jicho lake vizuri anajua pia linaishia wapi.

Sasa nirudi kwa mfalme na kalamu yake, maana kuna sehemu ya pili ya kazi ya kamera ambayo ndiyo iliyonifungulia somo.

Mipangilio yote unayoiweka katika kamera ile, muda wa mwanga, ukuzaji, weupe na mingine, hukaa kwanza katika kumbukumbu ya kupita. Inafanya kazi vizuri. Picha inatoka safi, mafundi wanapongezana. Kisha umeme unakatika. Hapa Himbi sina haja ya kueleza maana ya umeme kukatika. Ukirudi, kamera inaamka na mipangilio ya kiwandani, kana kwamba hakuna aliyewahi kuigusa, na inaanza kazi bila kulalamika. Haitoi kengele. Picha bado zinatoka, ila si zile.

Dawa yake ni kuhifadhi, na kuhifadhi kuna hatua mbili. Kwanza unaiandika mipangilio katika kumbukumbu ya kudumu ya kamera yenyewe, katika nafasi iliyotengwa kwa mtumiaji. Pili unaiagiza kamera kwamba kila inapowashwa ianze na nafasi hiyo. Kijana wetu alisema wengi hufanya ya kwanza na kusahau ya pili. Kamera inabaki na mipangilio mizuri tumboni mwake na kila asubuhi inaamka na ya kiwandani. Na ile ya kiwandani haifutiki wala haiandikwi juu yake. Ipo daima, inasubiri. Sitaki kujenga fundisho la dhambi ya asili juu ya kisanduku cha chuma, lakini mhubiri gani asingejaribiwa?

Zile hesabu za lenzi, zilizotoka kwenye ubao, huhifadhiwa kando, katika faili la kompyuta, na kijana aliandika juu yake namba ya kamera, namba ya lenzi na tarehe. Alisisitiza: faili linaloitwa “jipya” au “la mwisho” ni faili lililopotea. Penye kamera mbili, ukiipa ya kushoto hesabu za kulia, kila moja itatoa picha, na hakuna itakayosema kweli.

Someni sasa Wafalme wa Pili sura ya 22. Ni mwaka wa kumi na nane wa Yosia, mfalme wa miaka 26. Mafundi wanatengeneza hekalu, fedha zinahesabiwa, na kuhani mkuu Hilkia anasema amekiona kitabu cha torati ndani ya nyumba ya Bwana. Shafani mwandishi anakichukua na kumsomea mfalme. Yosia anararua mavazi yake.

Kitabu hakikuwa kimechomwa. Hakikuchukuliwa na maadui. Kilikuwa hekaluni, kimehifadhiwa, na ibada ziliendelea juu yake. Manase, babu yake Yosia, alitawala miaka 55 na kuijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Amoni akatawala miaka miwili kwa nyayo za baba yake. Muda wote huo taifa liliamka kila asubuhi na mipangilio mingine. Kama Manase angalikaa chini na kuinakili torati kwa mkono wake kama sheria ya wafalme ilivyoagiza, au kama Amoni angalifanya hivyo, mjukuu asingeshtuka namna ile kusikia kitu kilichokuwa urithi wake. Nakala moja kwa makuhani haikutosha. Ilitakiwa iwepo pia mezani kwa mtu mwenye mamlaka, kwa mwandiko wake, mahali anapoanzia siku.

Nawauliza wazazi, na nawauliza viongozi wenzangu wa Kanisa: tunaanza siku na nini? Biblia ipo katika kila nyumba niliyoingia hapa Himbi, ya Kiswahili, ya Kifaransa, nyingine mbili mbili, zimefunikwa kwa kitambaa kizuri. Imehifadhiwa. Lakini asubuhi mkono wa kwanza unakwenda kwenye simu, na simu inatupa uvumi wa usiku: nani ameingia mji gani, nani amesaliti, nani asiaminiwe. Ndiyo nafasi tunayoanzia. Kisha tunatoka barabarani na jicho lililokwisha kupangwa, tunakutana na jirani, na tunamwona amepinda kabla hajasalimia.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili kabla ya Jumapili, yote mawili ya kalamu.

La kwanza: kila nyumba inakili kwa mkono Mathayo sura ya 5, mistari michache kwa siku, asubuhi kabla ya simu. Baba aandike, mama aandike, watoto wanaojua kuandika waandike. Andikeni tarehe juu. Na kama kuna mtu katika nyumba mliyegombana naye, yeye ndiye awasomee sauti ninyi mkiandika.

La pili linahusu mlima. Tarehe 27 Mei 2021, serikali ilipoagiza kata kumi kati ya kumi na nane za mji zihame, kata yetu haikuwemo, lakini tuliona umati ukipita kuelekea Sake kwa miguu, magodoro vichwani. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao siku hizo, na wengi walikuwa wadogo mno kutaja zaidi ya “mama” na “papa”. Basi kila nyumba iandike karatasi: majina kamili ya kila mtoto na ya wazazi, namba za simu mbili, jina la avenyu na la jirani mmoja anayejulikana, na mahali tutakapokutana tukipotezana. Chini yake muandike rangi nne za OVG: kijani, hali ya kawaida; manjano, kuwa macho; chungwa, kujiandaa; nyekundu, kuondoka. Fanyeni nakala tatu: moja ibaki mlangoni, moja ikae kwa jirani wa upande wa pili wa barabara, hasa yule msiyezoea kumwendea, na moja ishonwe ndani ya nguo ya mtoto mdogo, katika nailoni ili mvua isifute wino. Watoto wakariri mahali pa kukutana, na waulizwe kila mwanzo wa mwezi, kwa sababu karatasi iliyoandikwa na kusahaulika ni ile hatua ya kwanza bila ya pili.

Wasiojua kuandika, na wazee ambao macho yamechoka, waje ukumbini Jumamosi baada ya salongo, kazi yetu ya pamoja. Vijana watakuwa pale na kalamu, karatasi, sindano na uzi. Hakuna malipo.